Grini Iliyobonyea Ubavu

"Nimechukua," alisema mzee. "Andika hivyo, niweke sahihi, tumalize."

Inspekta hakuandika. Katika miaka kumi na minane ya kazi alikuwa amewasikia watu wakikana mpaka mate yakawakauka, na aliwapenda hao kuliko wanaokiri kabla hawajaulizwa. Anayekana humpa mpelelezi kazi. Anayekiri haraka humwachia mashaka, na kwenye fomu ya polisi hakuna nafasi ya mashaka.

Aliyekaa mbele yake alikuwa mtunza uwanja mkuu wa klabu ya gofu, mtu mkavu wa miaka hamsini na tisa, kofia yake kaipakata magotini. Kazini walimwita Milimita. Kila asubuhi alipita nyuma ya mashine za kukatia nyasi akiwa na rula ya chuma, na nyasi zikizidi kipimo kwa unene wa ukucha, mkataji alirudishwa akaanze upya. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlinzi alimkuta akitoka ofisi ya Katibu wa klabu na ramani ya kale ya uwanja ikiwa kwapani.

"Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Ukaifanye nini?"

"Niitazame."

"Mzee, ramani uliifukua wewe mwenyewe chini ya sakafu ya chumba cha pampu, miezi minne iliyopita. Ukawapelekea kwa mikono yako miwili. Leo uibe?"

"Watu hubadilika."

"Na wiki iliyopita ulikuwa unamwambia kila mwenye masikio kwamba iliyo ofisini si ile uliyoifukua. Mtu anaiba vipi kitu ambacho yeye mwenyewe anasema ni bandia?"

Milimita aliigeuza kofia upande wa pili, akaikagua kama vile ni ya mtu mwingine. "Nimechukua," alisema. "Hayo mengine ni porojo za uzee."

Ilikuwa Jumatano. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka Ijumaa saa sita mchana. Klabu nayo ilikuwa imeshaandika barua: nyumba ya kazi, ambayo mzee aliishi kwa miaka thelathini na mmoja, iwe tupu ifikapo Jumamosi. Barua hiyohiyo ilifuta ahadi ya kamati kwamba akistaafu mwakani angeachiwa nyumba hiyo maisha yake yote. Mzee alipewa nakala. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaomba maji ya kunywa.

Kesi nyepesi, alisema mkuu wa kituo. Inspekta alichukua ufunguo wa gari akaenda klabu.

Katibu wa klabu alikuwa mtu nadhifu, meza yake haina hata kalamu. Aliitandaza ramani na kuibana pembe nne kwa vikombe vya ushindi. Karatasi ilikuwa ya kahawia, wino umefifia, na mashimo kumi na manane ya uwanja yamechorwa kwa mkono uliotulia.

"Aliyebuni uwanja huu miaka tisini iliyopita alibuni viwanja vichache sana maishani mwake," alisema Katibu. "Na sisi tumeuharibu. Tumepanda miti mahali pasipotakiwa, tumehamisha mashimo, tumejenga. Ramani ilipopatikana, kamati iliamua turudishe kila kitu kilivyokuwa. Kazi inaanza mwezi ujao. Halafu mtu wetu wenyewe anatufanyia hivi."

"Ramani imewahi kutoka ofisini humu?"

"Hata mara moja. Kamati ilikataza. Kabati ni hili, ufunguo ni huu."

"Na mzee alilalamika kwa muda gani?"

"Wiki nzima! Asubuhi, mchana, jioni. Si yenyewe, si yenyewe. Ijumaa akanyamaza, kama redio iliyochomolewa waya."

"Ulimuuliza kwa nini?"

"Afande, nilimshukuru Mungu."

Pembeni mwa dirisha alisimama mwanamke mwenye buti za tope, aliyeletwa na klabu kusimamia kazi ya kuurudisha uwanja katika sura yake ya zamani. Wote walimwita Mtaalamu. Alikuwa amenyamaza muda wote huo, na Inspekta aliona kwamba ni ukimya wa mtu anayejizuia. Aliomba waende kuona chumba chake cha kazi.

Chumba kilimvutia Inspekta kidogo. Kulikuwa na kalamu za kuchorea za kila unene, chupa tatu za wino, na bahasha ya karatasi kuukuu.

"Wewe unaweza kuchora ramani kama ile?"

"Kwa siku mbili."

"Uliichora?"

"Ningeichora mimi, nisingekosea hivyo."

Inspekta alivuta kiti. Mtaalamu alifunga mlango, kisha akamweleza jambo ambalo, kwa sauti yake, alikuwa amechoka kuwaeleza watu wasiosikia. Grini ni lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo la kuingizia mpira. Ukingoni mwake kuna nyasi ndefu, na mkataji huogopa kuzinyoa kwa bahati mbaya, basi kila siku hujivuta ndani upana wa kidole. Kesho hujivuta kidogo tena. Hakuna anayeona. Lakini baada ya miaka tisini grini inakuwa imepoteza theluthi nzima.

"Kwa hiyo ramani ya miaka tisini iliyopita inapaswa kuonyesha grini kubwa kuliko za leo," alisema Inspekta.

"Kubwa sana. Nimepima zote kumi na nane. Zile za kwenye ramani zina ukubwa wa leo, hatua kwa hatua. Nilimwambia Katibu."

"Akasemaje?"

"Akasema basi wakataji wetu ni hodari."

Inspekta alijizuia kucheka. Mtaalamu alitoa nakala, akaweka kidole kwenye grini ya tatu. Ilikuwa ya mviringo mzuri, isipokuwa upande wa kulia ulibonyea kwa ndani, kama mkate uliomegwa.

"Na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Yule mbunifu hakuwa mtu wa kubonyeza grini ubavu bila sababu. Hapa hakuna mtaro, hakuna mwamba, hakuna kitu. Lakini nenda ukaangalie uwanjani. Imebonyea hivihivi."

"Nani mwingine anajua kwamba grini hupungua?"

"Hapa? Mimi na Milimita."

Inspekta aliliandika hilo na kulipigia mstari. Aliyechora ramani ile alikuwa na mkono wa fundi na hakujua habari za nyasi. Mtaalamu alikuwa na mkono na alizijua nyasi. Milimita alizijua nyasi, lakini vidole vyake vilivyopinda visingechora hata duara. Ilibidi awepo mtu wa tatu.

Mchana ule aliumaliza kwenye banda la zana, juu ya gunia la mbolea. Milimita alikuwa ameandika daftari moja kila mwaka, na yote thelathini na moja yalipangwa kwenye rafu kwa mfuatano. Mwandiko ulikuwa mdogo na mkali. Mvua kiasi gani, mbolea ipi, nani kachelewa. Mtu huyo hakuandika neno moja juu ya nafsi yake, na Inspekta aliyekuwa akifunua kurasa alianza kumheshimu kwa hilo. Alipofika daftari la tano alikoma kufunua.

*Bomba limepasuka ubavu wa kulia wa grini ya 3. Nyasi zimeoza. Kata kwa kuzunguka mpaka zipone.*

Chini yake, siku ileile, wino uleule:

*Mtoto wa kike. Kilo tatu na robo.*

Mkataji mmoja alikuwa anapaka mashine mafuta mlangoni, mtu mzima mwenye mvi za kutosha. Inspekta alimwonyesha ukurasa.

"Zile nyasi zilipona?"

"Mwezi uleule, Afande. Nakumbuka."

"Mbona mpaka leo mnapazunguka?"

Mkataji alimtazama kama anayeulizwa kwa nini anavaa kiatu cha kulia mguu wa kulia. "Sisi tunafuata ukingo wa jana," alisema. "Jana ulikuwa pale."

"Na juzi?"

"Palepale."

"Miaka ishirini na saba."

Mkataji alipiga hesabu, kitambaa cha mafuta mkononi. "Duh," alisema. "Mzee akijua atatuua."

"Anajua," alisema Inspekta. Ndiyo maana alikuwa amepiga kelele. Daftari la mwaka huu lilisema kwamba alipoifukua ramani ya kweli aliikunjua nusu tu, kwa sababu karatasi ilikuwa kavu na ingepasuka, lakini nusu ile ilimtosha kuiona grini ya tatu ikiwa nzima. Alipoonyeshwa ofisini ramani yenye kibonye, alijua mara moja kwamba imechorwa na mtu aliyezaliwa bomba likiwa limeshapasuka, au aliyeufahamu uwanja baada ya hapo.

Lililobaki ni kujua ramani ya kweli ilitokea mlango upi. Inspekta alikwenda getini na kuomba kitabu cha mlinzi, ambamo huandikwa kila kinachotoka na kuingia, kuanzia mipira mpaka magunia ya saruji. Alianza miezi minne nyuma, akafunua mpaka mwezi huu. Kisha akapanda ngazi za ofisi ya Katibu, hakukaa, akasoma kwa sauti.

"Tarehe tisa. Dereva wa klabu. Bomba la bati lenye ramani. Ofisi ya upimaji, mjini. Tarehe kumi na nane, limerudi. Kuna sahihi yako hapa, na nyingine hapa."

Katibu alitoa leso. Kwa dakika nzima alifanana kabisa na mhalifu, na Inspekta alimwacha afanane.

"Ilikuwa haikunjuki," alisema hatimaye. "Unaibana huku, inajikunja kule. Kule wana mashine ya kunyoosha. Nikasema inyooshwe, itolewe nakala, irudi. Sikuwaambia kamati."

"Kwa nini ofisi ile?"

"Nilifikiri iko mikononi mwa watu wetu. Mchoraji wao ni binti yake Milimita."

Inspekta alikifunga kitabu. Kelele za wiki nzima, kisha ukimya wa ghafla. Sasa alijua mzee alikuwa amenyamaza kwa ajili ya nani, na kwa ajili ya nani alitaka ile bandia itoweke kabla haijachunguzwa. Alichokuwa bado hajajua ni binti alitaka nini.

Nyumba ya kazi ilikuwa chini kabisa ya uwanja, nyuma ya shimo la sita. Vyumba viwili, sebule, na jiko lililoongezwa baadaye kwa matofali ya rangi nyingine. Mke wa Milimita alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na mama yake mke akabaki. Bibi huyo alikuwa kitandani, mguu uliovimba kaulaza juu ya mto, mlango wa chumba wazi ili asipitwe na jambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemfunga mkwe wangu?"

"Nataka kumfungua, bibi. Nisaidie. Alhamisi ya wiki iliyopita kulitokea nini humu ndani?"

"Alhamisi? Alhamisi alimwaga taka mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kushika ndoo ya taka tangu nimjue! Binti alichelewa kazini, yeye akasema kinanuka nini hiki, akatoka na ndoo. Akarudi kanywea. Chakula hakugusa. Nikamwambia, baba, umeona nyoka? Akasema, nimeona karatasi."

"Karatasi gani?"

"Nitajuaje, na mguu huu? Mimi shida yangu ilikuwa chai. Pakiti nzima imeisha kwa wiki, na tuko watatu! Nikauliza, nikaambiwa bibi wewe unakunywa sana. Mimi!"

Inspekta alitazama kamba ya nguo nje ya dirisha. Majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi hufanya karatasi nyeupe izeeke kwa alasiri moja, na vipande vya majaribio vilivyokataliwa mtu huvificha kwanza, kisha siku moja huvitupa ndoo ya taka.

Binti alifika saa kumi na moja jioni, mkoba begani, kadi ya kazi ingali shingoni. Alipomwona mgeni alisimama mlangoni mwa sebule bila kuvua viatu.

"Baba anaendeleaje?"

"Anakiri," alisema Inspekta. Alimsogezea penseli na karatasi. "Keti. Nichoree grini ya tatu."

"Kwa nini?"

"Nichoree tu. Wewe umekulia hapa."

Binti alichora huku amesimama, kwa mkono mmoja, bila kufuta. Mviringo, halafu upande wa kulia mstari ukaingia ndani, ukatoka. Aliirudisha penseli mezani, ikalala sambamba na ukingo wa karatasi.

"Hapa pamebonyea kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo. Iko hivyo siku zote."

"Siku zote za nani?"

Inspekta alifungua daftari la tano na kumgeuzia. Binti alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Aliketi.

"Haikuwa hivyo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haikuwa hivyo mpaka ulipozaliwa. Kwenye ile ya kweli kibonye hakikuwepo, na baba yako aliiona. Alipiga kelele wiki nzima bila kujua anamshitaki nani. Alhamisi akaenda kumwaga taka."

Binti alifunika uso. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akajifuta kwa kadi ya kazi bila kujua anajifuta na nini. "Nilipoinyoosha kwenye mashine," alisema, "grini ya sita ilikuwa hapa. Hapa tulipokaa. Sisi tuko katikati yake. Walishaapa kurudisha kila kitu kilivyokuwa, afande. Mwakani anastaafu, na nyumba wameshamwahidi. Nifanyeje? Nikarudisha ya sita ilipo leo. Zile nyingine nikazichora kutoka kwenye vipimo vyetu vya ofisi, ili zilingane. Nilijua hakuna wa kunikamata."

"Na ya kweli iko wapi?"

Binti aliinuka, akaingia chumbani. "Bibi, jiinue kidogo."

"Tena? Si ulisema ni kalenda?"

Alhamisi saa nne asubuhi Katibu aliandika barua ya kufuta malalamiko. Inspekta hakumtisha. Alimuuliza tu kama angependa kitabu cha mlinzi kiwe kielelezo, kisomwe mbele ya kamati yote, naye akasema ramani imeshapatikana, mzee ni mtumishi wa siku nyingi, na barua ya nyumba ilikuwa ya haraka mno.

Milimita aliletwa kutoka mahabusu. Alirudishiwa mkanda, miwani na rula ya chuma, akavihesabu vyote vitatu. Kisha akamwona binti yake kwenye benchi la ukutani.

"Nilisema ni mimi," alimwambia Inspekta. "Mbona hamsikii?"

"Tumesikia. Klabu imefuta malalamiko, uko huru, nyumba unabaki nayo. Keti kwanza."

Inspekta alifungua bomba la bati na kuitandaza ramani ya pili mezani. Mzee hakuweza kujizuia. Alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaenda moja kwa moja kwenye grini ya tatu. Ilikuwa nzima. Ilikuwa pana, karibu mraba, na imeenea mpaka mahali ambapo leo kuna nyasi za magotini.

"Nilijua," alisema. Alicheka, cheko fupi la mtu aliyebishiwa sana. "Tazama ukubwa huo! Sisi tumekuwa tunacheza kwenye sahani." Kidole chake kilitambaa mpaka ya nne, ya tano. Kilipofika ya sita kikasimama. Alichukua rula, akapima kutoka chumba cha pampu, akapima tena.

"Hapa ni jikoni kwetu."

"Ndiyo."

"Na hapa ni kitanda cha bibi."

"Ndiyo, mzee."

Alimgeukia binti yake, na sasa alielewa. Inspekta alipanga karatasi zake wakati hazikuhitaji kupangwa.

"Nisikilizeni wote wawili," alisema. "Ramani uliyokutwa nayo Jumatatu inarudi klabu leo, kwa sababu ndiyo waliyoilalamikia. Hii hakuna aliyeniambia imepotea. Sina mlalamikaji, sina pa kuiandika. Mkitoka nayo mlango ule, mimi sikumbuki chochote."

Binti alishainuka. "Baba, twende nayo nyumbani. Irudi ilipokuwa. Hakuna anayejua."

Milimita aliendelea kuitazama karatasi, na Inspekta aliona midomo yake ikihesabu.

"Unachora vizuri, mwanangu," alisema. "Mkono wako ni mzuri kuliko wa huyu mbunifu. Ila ulichora kosa langu. Niliwaambia wazunguke mpaka nyasi zipone, siku ile nikakimbilia hospitali kukuona, sikurudi kuwaambia waache. Sasa wanataka kulijenga kosa hilo liitwe kazi yake. Watu watakuja kulitazama, na mimi nitakuwa nimekaa kibarazani nawaangalia." Alitikisa kichwa. "Siwezi. Najua umefanya kwa ajili yangu, na nimekaa humu siku tatu kwa ajili yako. Tumelipana. Lakini siwezi."

"Tutakwenda wapi?"

"Sijui."

Alisema hivyo wazi. Binti alirudi akaketi benchini, akalia kwa kelele, na safari hii hakujificha. Mzee aliikunja ramani polepole, akiizungusha kwa viganja ili isipasuke, akaitia kwenye bomba, akalikabidhi kwa Inspekta.

"Mpe Mtaalamu, mkononi mwake," alisema. "Mwambie wasilete tingatinga pale chini. Likikanyaga litavuruga kokoto walizotandika wazee chini ya udongo, na bila zile maji hayanyonyeki. Nyumba nitaibomoa mwenyewe, kwa nyundo."

"Lini?" aliuliza Inspekta.

Milimita alivaa kofia. Alimshika binti yake mkono, akamwinua.

"Tumhamishe bibi kwanza," alisema. "Halafu tuanzie jikoni."